Picha Hii ni ya Nani?

Leo tutajifunza kusoma kitu kisicho na herufi, nacho ni picha.

Tazameni ramani ya Asia, upande wa kusini-mashariki. Mtaona kisiwa kidogo chenye bandari kubwa, Singapore. Mjini humo palikuwa na njia iitwayo Bugis, kwa jina la mabaharia wa zamani waliotoka kisiwa cha Sulawesi. Tangu miaka ya 1950 hadi 1985, jua likisha kuchwa, meza zilipangwa katikati ya njia, watu wakala na kunywa. Ilipokaribia saa sita ya usiku walifika wanawake waliojipamba vizuri sana. Walipozaliwa walihesabiwa kuwa wanaume, lakini wenyewe walijijua kuwa ni wanawake, wakaishi hivyo. Walikuwamo Wachina, Wamalay na Wahindi. Mabaharia na watalii walikuja kuwatazama, wengi wakiwa na kamera.

Aliyetaka kupiga picha nao alidaiwa fedha. Je, hiyo ilikuwa tamaa? Fikirini vizuri. Mtalii alirudi kwao na picha, akawaonyesha rafiki zake. Mwanamke yule alibaki palepale. Kupata kazi ya mchana kulikuwa kugumu kwake, na sura yake ndiyo iliyompa riziki. Tena, kama ndugu zake hawakujua maisha yake ya usiku, picha moja iliweza kumfungia mlango wa nyumbani. Basi kumwona mtu njiani si ruhusa ya kuichukua sura yake.

Mwaka 1981 alifika Mfaransa mmoja, mpiga picha Alain Soldeville. Yeye alifanya urafiki na baadhi ya wanawake hao, kisha akawapiga picha. Hapo ndipo tunapojifunza kusoma. Ukitazama picha ya mtu, jiulize: Je, macho yake yanamtazama mpiga picha, au ameviziwa? Amesimama kama apendavyo? Picha ya kuvizia hutueleza habari za mwenye kamera. Picha ya makubaliano hutueleza habari za mwenye sura.

Mwaka 1985 njia ile ilifungwa na nyumba zikabomolewa, ili reli ya chini ya ardhi ijengwe. Stesheni ya Bugis ilifunguliwa mwaka 1989. Siku hizi jina hilo ni la soko la nguo na vitu vidogo vidogo. Meza za usiku hazipo tena, na waliokaa pale walitawanyika. Picha zimebaki kuwa shahidi kwamba watu hao walikuwapo, wakacheka, wakafanya kazi, wakapendana. Lakini shahidi huyo huaminiwa zaidi ikiwa mwenye sura alikubali.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wanawake wa Bugis walidai fedha?

2. Picha moja yaweza kumdhuru mtu kwa njia gani?

3. Andika sentensi tatu juu ya picha iliyopo nyumbani kwako. Nani aliipiga? Aliomba ruhusa?

Juma lijalo tutaendelea. Kwaherini.