Mnyama Alale, Kisha Aamke: Umuhimu wa Mafunzo ya Juu ya Dawa za Usingizi kwa Wataalamu wa Mifugo

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyoandaliwa kwa wafugaji na wakazi wa kaunti kuhusu huduma za upasuaji wa wanyama.

 

Mfugaji anapomwita daktari usiku kwa sababu ng'ombe ameshindwa kuzaa, macho ya watu wote huwa kwenye kisu. Wanauliza kama daktari anajua kupasua, na kama ndama atatoka hai. Ni wachache wanaouliza swali la kwanza kabisa: huyu mnyama atatiwa ganzi au atalazwa vipi, na nani atamwangalia mpaka asimame tena? Kwa familia inayolipa karo kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, jibu la swali hilo linaweza kuwa tofauti kati ya kufuga na kuanza upya.

Kazi hiyo ya kumtia mnyama ganzi au usingizi, ambayo wengi huiita nusukaputi, ni taaluma yenye mafunzo yake. Kila daktari wa mifugo aliyehitimu, awe amesomea Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi au kwingineko, amefundishwa msingi wake. Mafunzo ya juu ni hatua inayofuata. Yanamfundisha mtaalamu kumtayarisha mnyama dhaifu, mjamzito, mzee au mwenye homa, kuchanganya dawa kadhaa kwa viwango vidogo badala ya kutegemea moja kwa kiwango kikubwa, na kutambua hatari kabla haijawa msiba.

Dawa ni ileile, mnyama si yuleyule

Mfano mzuri ni zailazini, dawa ya kutuliza wanyama inayotumika sana vijijini na mijini. Ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja ya kumi tu ya kiwango anachopewa farasi kwa kila kilo ya uzito. Mbuzi na kondoo nao ni wepesi wa kuathirika, na mapafu ya kondoo yanaweza kujaa maji kwa sababu ya dawa hii. Chupa ni moja, sindano ni moja, lakini mkono usiojua tofauti hiyo unaweza kumuua ng'ombe kwa kipimo kinachomfaa farasi. Tena, dawa hii huweza kuufanya mfuko wa uzazi wa ng'ombe ukaze, ndiyo maana mtaalamu huuliza kwanza kama mnyama ana mimba na ni ya miezi mingapi.

Punda naye si farasi mdogo. Mwili wake huondoa baadhi ya dawa, kama ketamini, haraka kuliko mwili wa farasi, kwa hiyo anaweza kuamka katikati ya kazi akiwa angali na jeraha wazi. Pia punda ni mvumilivu wa maumivu. Atasimama kimya mahali ambapo farasi angepiga teke. Asiyefunzwa humwona ametulia na kudhani haumwi.

Mbuzi wadogo wanaochomwa pembe wana hatari yao. Dawa ya ganzi ya lidokeini ni salama kwa kipimo sahihi, lakini mwanambuzi ni mdogo sana, na kiasi kinachoonekana kidogo machoni pa mtu kinaweza kumletea degedege. Mtaalamu humpima uzito kwanza, kisha huizimua dawa ili apate ujazo wa kutosha bila kuzidisha nguvu yake.

Kwa nini ng'ombe hupasuliwa akiwa amesimama

Wakazi wengi hushangaa kumwona ng'ombe akipasuliwa ubavuni huku amesimama. Si uzembe. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama pipa la kuchachusha majani, na gesi hutengenezwa humo mfululizo. Akiwa amesimama huitoa kwa kubeua. Akilazwa na kulala fofofo, gesi hukosa njia, tumbo hufura na kuyabana mapafu. Zaidi ya hayo, ng'ombe mkubwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku. Mate hayo, pamoja na majani yanayopanda kutoka tumboni, yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua hata baada ya upasuaji kufanikiwa.

Ndiyo maana daktari aliyefunzwa vizuri huchagua kutia ganzi kwenye mishipa ya fahamu inayotoka kando ya uti wa mgongo. Ubavu mzima hufa ganzi, ng'ombe husimama, na mara nyingi daktari hupasua upande wa kushoto kwa sababu tumbo lile kubwa huzuia matumbo madogo yasimwagike nje. Sindano hizo zinahitaji mkono unaojua mifupa ilipo chini ya ngozi. Hilo ni jambo la kufanya mara nyingi chini ya uangalizi wa mwalimu, wala halitoshi kusomwa kitabuni.

Pale ambapo lazima mnyama alazwe, mafunzo ya juu humwelekeza mtaalamu kumnyima chakula kwa muda unaofaa kabla ya kazi, kuingiza mrija wenye puto dogo kwenye koo la hewa, na kulaza kichwa ili mdomo uwe chini kuliko koo na mate yatiririke nje.

Hatari haiishi jeraha likishonwa

Nchini Uingereza ulifanywa utafiti mkubwa wa mbwa na paka waliotiwa usingizi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Mbwa waliokufa kwa sababu zinazohusiana na usingizi walikuwa takriban 17 kati ya kila 10,000, na paka takriban 24. Kwa farasi, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha hatari kubwa zaidi: karibu farasi 1 kati ya 100, hata kwa wale ambao hawakuwa na ugonjwa wa tumbo.

Takwimu hizo ni za nchi zenye vifaa vingi, lakini zina funzo kwa kila mtu. Katika utafiti wa mbwa na paka, sehemu kubwa ya vifo haikutokea mezani. Ilitokea baada ya upasuaji, hasa katika saa 3 za kwanza, wakati kila mtu alikuwa amepumua na kuanza kuosha vyombo. Kwa maneno mengine, mnyama huponea katika mikono ya yule anayebaki naye.

Hapa ndipo mafunzo ya juu yanapowagusa wasaidizi sawasawa na madaktari. Mtu mmoja hawezi kushika kisu na wakati huohuo kuhesabu pumzi. Anahitajika wa pili ambaye kazi yake ni moja tu: kuangalia. Kila dakika 5 huandika mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya ufizi na joto la mwili. Mashine za kupima oksijeni kwenye damu na hewa chafu inayotoka mapafuni husaidia sana, na mafunzo hufundisha kuzisoma. Lakini umeme ukipotea, kidole kwenye mshipa, sikio kwenye kifaa cha kusikilizia moyo na saa ya mkononi bado vinafanya kazi. Karatasi ya kuandikia haigharimu kitu, nayo ndiyo huonyesha kwamba mapigo yamekuwa yakishuka polepole kwa robo saa.

"Mfunge kamba tu"

Wapo wanaosema kwamba ganzi ni anasa. Kwamba tangu zamani fahali walihasiwa na ndama kukatwa pembe kwa kufungwa kamba na kushikwa na vijana wenye nguvu. Hoja hiyo inatokana na gharama, na gharama ni jambo la kweli kwa mfugaji mdogo. Haifai kudharauliwa.

Lakini hesabu ifanywe yote. Mnyama mwenye maumivu makali hali vizuri, hupunguza maziwa na huchelewa kupona. Anaporusha teke huvunja mguu wa mtu au wake mwenyewe. Daktari anayefanya kazi juu ya mnyama anayepapatika hukata na kushona vibaya. Na iko sheria: Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na mwenye mnyama anawajibika kwa mateso yasiyo ya lazima.

Faida nyingine inawahusu hata wasiofuga. Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Nguzo yake kuu ni chanjo ya mbwa, na kufunga uzazi wa mbwa husaidia kupunguza wanaozurura. Kufunga uzazi wa mbwa wengi kwa siku moja, katika uwanja wa shule au kituo cha chifu, hakuwezekani bila timu inayojua kulaza na kuamsha kwa usalama. Mbwa mmoja akifia mezani mbele ya mwenyewe, kijiji kizima hakitaleta wengine.

Wajibu wa kaunti na wa mkazi

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti, tena chini ya huduma za afya za kaunti. Usimamizi wa taaluma yenyewe umebaki kwa taifa. Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, huwasajili madaktari na wahudumu wa ngazi nyingine, na wataalamu hutakiwa kuendelea kujifunza baada ya kuhitimu. Mafunzo ya dawa za usingizi yana nafasi halali katika elimu hiyo endelevu, na mkazi ana haki ya kuyauliza katika vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti kama anavyouliza kuhusu barabara na maji.

Naye mfugaji ana maswali ya kuuliza kabla mnyama wake hajachomwa sindano:

Je, mtoa huduma amesajiliwa, na anaweza kuonyesha uthibitisho wake?

Je, amempima au kumkadiria mnyama uzito, kusikiliza moyo na kuuliza kuhusu mimba na chakula cha mwisho?

Ni nani atakayemwangalia mnyama wakati wa kazi, na nani atabaki naye mpaka asimame?

Je, maziwa na nyama visitumike kwa siku ngapi baada ya dawa hizo?

Swali hilo la mwisho lisisahaulike. Dawa za usingizi na za maumivu hupita mwilini, na kila moja ina kipindi chake cha kusubiri. Kumwaga maziwa ya siku chache ni hasara ndogo kuliko kumpa mtoto maziwa yenye dawa.

Mfugaji naye aseme ukweli: mnyama alikula lini, alipewa dawa gani wiki hiyo, na kama kuna mtu aliyemchoma sindano kabla ya daktari kufika. Kufichwa kwa sindano moja kunaweza kuharibu hesabu yote ya daktari. Na dawa hizi zisinunuliwe dukani na kuhifadhiwa nyumbani. Nyingine, kama zile za kulaza wanyamapori wakubwa, zina nguvu ya kumuua binadamu kwa tone dogo.

Daktari mzuri hajulikani kwa kumlaza mnyama upesi. Hujulikana kwa kukaa pale kivulini, saa mkononi, mpaka ng'ombe ainue kichwa, abeue, asimame na kumtafuta ndama wake. Mafunzo yanayomwezesha kufanya hivyo ni mali ya kila boma.