Unga nafuu sawa, lakini ndani kuna nini?

Haya niliyasema kwenye mjadala wetu wa jioni, na wengi mmeniomba niyaweke hapa kwa uzi. Kanuni ni ileile: hatutaji mtu, hatutaji chama.

Kila msimu wa kampeni ni bei ya unga. Huyu anaahidi kushusha, yule anamuuliza pesa zitatoka wapi, mashabiki wanarushiana maneno, tunaenda kulala. Sijasikia mtu akiuliza huo unga utakuwa na nini ndani.

Nauliza kwa sababu ya vitamini moja, asidi ya foliki. Mtoto akiwa tumboni, mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Piga hesabu. Wakati huo wengi ndio kwanza wanashtuka hedhi imechelewa! Foliki ikikosekana hapo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inapanda, na tembe za baadaye haziufungi tena.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku, tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Sisi tembe za chuma na foliki tunazipata kliniki ya wajawazito. Ni muhimu, zinazuia upungufu wa damu. Lakini huendi kliniki hiyo kabla ya kujua una mimba, na mimba ngapi hazikupangwa? Kwa hivyo mwanasiasa akijitetea kwamba tembe ni za bure, amejibu swali la mwezi wa nne, si la wiki ya nne.

Pengo hilo ndilo sheria ilijaribu kuziba 2012, ilipolazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Afrika Kusini walianza 2003, na visa vya kasoro za mrija wa ubongo na uti wa mgongo vikashuka kwa karibu theluthi. Si porojo.

Shida ni kwamba sheria yetu inashika pakiti. Shosho wangu hubeba mahindi yake hadi kisiagi, na unga anaorudi nao hauna kilichoongezwa. Vijijini ndio ugali wenyewe huo. Sasa ruzuku ya pakiti inamfikia nani hasa? Na kisiagi kikitakiwa kuongeza virutubishi, mashine ya kupimia atalipa nani: mwenye kisiagi, kaunti inayoendesha kliniki, ama Nairobi inayoweka viwango? Hilo ndilo swali la kumbana nalo mgombea, bana, si bei pekee.

Na wewe unayepanga mtoto, usimngoje ajibu. Anza tembe za foliki sasa. Kama ulishapata mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, muone daktari kwanza, huenda ukahitaji dozi kubwa zaidi.