Kilichoandikwa, Kilichopigwa na Kilichonaswa: Kuzipima Rekodi za Simfoni
Mhadhara wa umma, Matiliku, Kaunti ya Makueni



Makueni haina okestra ya simfoni, wala Kitui haina. Hata hivyo, mwanafunzi wa muziki anayejiandaa kwa KCSE hutakiwa kuchambua kazi teule ya Kimagharibi pamoja na ya Kiafrika. Ngoma ya kilumi ya Wakamba anaweza kuifuata inakochezwa, akawaona kina mama na ngoma zao. Simfoni anakutana nayo kwenye spika tu. Kwake yeye, rekodi ndiyo simfoni. Basi ni lazima tumfundishe kuzipima rekodi, hasa za simfoni za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, ambazo zimerekodiwa mara nyingi mno na kwa namna zinazopingana.

Hoja yangu ni hii: anayesikiliza rekodi husikia mambo matatu kwa mpigo, na hana budi kuyatenga kabla ya kutoa hukumu. Kuna alichoandika mtunzi, kuna walichofanya wapigaji, na kuna ulichonasa mtambo. Hukumu mbovu humsifu mmoja, au humlaumu, kwa kazi ya mwingine.

Tuanze na mtambo. Novemba 1913, Arthur Nikisch aliongoza Berlin Philharmonic kurekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven. Kurekodi kwa maikrofoni kulikuja 1925. Kabla ya hapo wapigaji walisongamana mbele ya honi ya kunasia sauti, na upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika nne. Simfoni nzima ikakatwa pande nane. Anayelalamika leo kwamba besi za Nikisch ni hafifu anaihukumu honi. Lakini pale kasi inapovutwa kisha ikaachiwa, huyo ni Nikisch mwenyewe, na hapo tuna haki ya kumuuliza sababu.

Jambo hili si geni Ukambani. Santuri ndogo za benga za Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, zilikuwa na nafasi finyu vilevile, ikabidi wimbo ugawanywe: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Katika benga, mara nyingi ni upande wa pili magitaa yanapochachamaa. Aliyesikia upande wa kwanza tu asiseme bendi ilipoa.

Sasa mtunzi. Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky ilipigwa kwa mara ya kwanza St Petersburg, Oktoba 1893, siku tisa kabla ya kifo chake. Sehemu ya mwisho inafunguka kwa wimbo wa majonzi unaoshuka taratibu. Fungua maandishi ya nota uutafute wimbo huo: fidla za kwanza hazinao, na fidla za pili hazinao. Kila kundi limepewa nota moja ya wimbo, kisha moja ya kusindikiza, kwa zamu. Wimbo unazaliwa masikioni mwa msikilizaji makundi yote mawili yanapopiga pamoja. Baadaye unaporudi, Tchaikovsky anazipa fidla za kwanza wimbo wote.

Enzi zake, makundi hayo mawili yalikaa pande tofauti za jukwaa. Katika karne ya 20 okestra nyingi ziliyaketisha pamoja upande wa kushoto, na mpokezano ule ukafichika. Katika rekodi ya stirio ya 1960, Yevgeny Mravinsky na Leningrad Philharmonic walishika mkao wa zamani, na wimbo unaruka kutoka spika moja hadi nyingine. Hapa sikio lililolelewa na benga ya Kikamba lina nguvu: limezoea gitaa mbili zinazopokezana nota hadi sauti ya tatu, isiyopigwa na yeyote, ikasikika. Mwanafunzi wetu asikubali kuambiwa kwamba masikio yake yanaanza mbali.

Mwisho, wapigaji. Bruno Walter ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la Simfoni ya Tisa ya Mahler, Vienna, 1912. Aliirekodi mjini humohumo mbele ya hadhira Januari 1938, miezi miwili kabla ya majeshi ya Hitler kuingia Austria, na akairekodi tena Marekani 1961. Ya kwanza huchukua kama dakika 70; ya pili huzidi 80. Kiongozi ni yuleyule, nota ni zilezile, na alikuwa rafiki wa mtunzi. Ikiwa shahidi wa karibu hivyo ana majibu mawili, swali la ipi ndiyo sahihi halitufikishi mbali. Tuulize kasi aliyoichagua imefichua nini, na imezika nini.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi waamuzi tumo. Tunapenda rekodi tuliyoisikia kwanza, au jina lililotajwa sana. Katika Tamasha la Muziki la Kenya mwamuzi hatoi alama tu. Husimama akaeleza sababu mbele ya waimbaji. Nidhamu hiyo tuihamishie kwenye rekodi.

Walimu, nota za Tchaikovsky hazina tena hakimiliki; zinapatikana bure. Chagueni dakika mbili za mwanzo wa sehemu ile ya mwisho, katika rekodi mbili, mfiche majina ya viongozi. Kila mwanafunzi aandike alichosikia, na kwenye nota ipi, kabla ya kusema ipi bora. Atakayesema tu kwamba moja ina hisia zaidi, mrudisheni akasikilize tena. Atakayeonyesha mahali, hata kama hatukubaliani naye, ametupa hukumu tunayoweza kuikagua, na hukumu ya namna hiyo ina uzito uleule Matiliku na Vienna.