Steroidi Ndani ya Mhindi na Ndani ya Kiwavi



Tangu viwavijeshi vamizi, yaani nkongwa idasanzwe, walipoingia Rwanda mwaka 2017, mazungumzo yetu juu yao yamekuwa ya dawa: ipi inaua haraka, na ichanganywe na maji kiasi gani. Mwaka ule hata wanajeshi waliingia mashambani kuwasaidia wakulima kuokota viwavi kwa mikono. Mimi naomba leo tutazame kinachomkuza mdudu huyu, na kinachoukuza mhindi anaoula. Ukuaji wa vyote viwili unaongozwa na homoni za ukoo mmoja, steroidi.

Ngozi ya kiwavi haitanuki vya kutosha, kwa hiyo ili akue lazima aivue. Kiwavijeshi vamizi kwa kawaida hupita hatua sita kabla ya kuwa pupa, na kila mara amri hutoka kwa homoni ya steroidi iitwayo ekdaisoni. Ubongo huziamsha tezi za kifuani, tezi huitoa, mwili huikamilisha, kisha homoni huingia hadi kwenye kiini cha seli, hushikana na kipokezi chake na kuwasha jeni za kutengeneza ngozi mpya. Iko kidogo mno mwilini: mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson, huko Ujerumani, walisaga nusu tani ya pupa wa nondo wa hariri wakapata miligramu 25 tu.

La kushangaza zaidi ni kwamba mdudu hawezi kujitengenezea steroidi tangu mwanzo. Hutwaa steroli za mmea, huzigeuza kolesteroli, na kolesteroli huwa ekdaisoni. Maana yake, amri ya kujivua ngozi inatokana na majani ya mahindi yetu wenyewe.

Mhindi nao una brasinosteroidi zake. Ya kwanza ilitambuliwa Marekani mwaka 1979, miligramu 4 kutoka kwenye chavua ya rapa iliyokusanywa na nyuki. Hapa utaratibu ni tofauti: kipokezi kimekaa juu ya utando wa seli, na ujumbe hupokezanwa na protini moja hadi nyingine mpaka ufike kwenye jeni. Homoni yenyewe haisafiri mbali. Mhindi usioweza kuitengeneza hubaki kibete, na mbelewele yake inaweza kuota maua ya kike.

Mimea mingine imeigeuza homoni ya mdudu kuwa silaha. Mtafiti Isao Kubo na wenzake waliuchunguza Ajuga remota, mmea wa tiba wa Afrika Mashariki, wakakuta una steroidi za aina ya ekdaisoni. Viwavi waliolishwa dondoo lake walitengeneza ngozi mpya lakini gamba la kichwa la zamani halikutoka. Likaziba mdomo, wakafa njaa. Mwarobaini hufanya kinyume chake, huvuruga utoaji wa homoni hiyo.

Viwanda vimeiga. Dawa iitwayo methoksifenozidi hushika kipokezi cha ekdaisoni cha viwavi wa nondo na kuwasukuma kujivua kabla ya wakati. Huacha kula, kisha hufa. Binadamu hatuna kipokezi hicho, na nyuki huathirika kidogo sana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya kuchagua badala ya sumu za neva, kwa sharti moja: isipulizwe karibu na miforosadi, maana kiwavi wa hariri naye ni wa nondo.

Dawa ya namna hii haimwangushi mdudu papo hapo, na lazima aile. Kiwavi mkubwa aliyejificha ndani ya moyo wa mhindi haimfikii. Kwa hiyo nawaomba maafisa ugani wawafundishe wakulima kukagua chini ya majani tangu mahindi yanapoota, waponde mayai wanayoyaona, na wapulize viwavi wakiwa bado wadogo.