Aliyenyang'anywa Hajashindwa: Uhalali wa Bingwa wa Uzito wa Juu



Oktoba 1974 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi huko Old Moshi. Jioni ya siku ambayo habari za pambano la Kinshasa zilitufikia, babu alinituma kilabuni kwa mama mmoja mpika mbege. Redio ilikuwa imewekwa dirishani, antena imefungwa kwa waya wa kopa, na wazee walikuwa wakibishana kwa sauti kuliko redio yenyewe. Mmoja akasema Muhammad Ali amekuwa bingwa tena. Mzee aliyekuwa pembeni akaishusha kata yake kabla haijagusa midomo, akakataa neno moja tu: "tena". Akasema, "Ali hajaacha kuwa bingwa. Walimnyang'anya. Aliyenyang'anywa hajashindwa."

Nimetembea na kauli hiyo kwa miaka hamsini, na leo nataka kuipima. Naamini mzee yule alikuwa na haki kwa miaka minne kati ya ile saba aliyoizungumzia, na kwa miaka mitatu alikosea. Tukijua mpaka kati ya minne na mitatu umepita wapi, tutakuwa tumejua kinachomhalalisha bingwa.

Ali aliuchukua ubingwa wa uzito wa juu kwa Sonny Liston, Februari 1964, huko Miami Beach. Aprili 28, 1967, huko Houston, alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam. Vyama vya ngumi havikusubiri hata ahukumiwe; vilimvua ubingwa papo hapo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwangusha. Ukafanyika mchujo, Jimmy Ellis akapewa mkanda wa WBA. New York nao wakamtambua Joe Frazier. Mabondia wote wawili walikuwa wazuri, tena hodari. Lakini kila mwenye macho alijua kwamba yupo mtu wa tatu, amekaa nyumbani kwa lazima, na hakuna kati yao aliyewahi kumgusa.

Hapo ndipo mzee wa kilabuni alipokuwa na haki. Machi 8, 1971, mjini New York, mambo yakabadilika. Frazier na Ali walipanda ulingoni, na katika raundi ya 15 ngumi ya kushoto ya Frazier ikamlaza Ali chali. Aliinuka, akamaliza pambano, akapoteza kwa pointi. Tangu usiku huo Frazier hakuhitaji tena karatasi ya mtu yeyote. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya Ali. Ilimrudishia uhuru wake na jina lake safi, lakini ubingwa haikuweza kumrudishia, kwa sababu wakati huo ubingwa haukuwa tena kitu kilichoibwa. Ulikuwa umepotezwa kihalali. Januari 1973, mjini Kingston, George Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, na ubingwa ukahamia kwa Foreman.

Kwa hiyo pambano la Kinshasa la Oktoba 30, 1974 lilikuwa "tena" ya kweli. Lilianza karibu saa kumi alfajiri ili Wamarekani walitazame jioni yao. Ali, mwenye umri wa miaka 32, aliegemea kamba na kumwacha Foreman, kijana wa miaka 25, amchoshe kwa makonde, kumbe anayechoka ni mpigaji. Raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba, akaachia ngumi za haraka, ya mwisho mkono wa kulia. Foreman akazunguka akielekea chini. Tazameni mkono wa kulia wa Ali katika filamu ya tukio lile: umeinuliwa, uko tayari, unamfuata Foreman anavyoanguka, lakini haupigi. Kila aliyekuwepo uwanjani alikwisha kuona kilichotokea. Hapakuhitajika kikao cha kumtangaza.

Kuna jambo la kwetu milimani linalonisaidia kulieleza hili. Mwaka 1951 Wachaga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu, wakamchagua Thomas Marealle, akasimikwa mwaka uliofuata. Mwaka 1960 walipiga kura tena, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa kipindi badala ya Mangi Mkuu. Yapo mengi ya kubishania kuhusu siasa za miaka ile, na najua baadhi yenu hapa mna machungu nayo hadi leo. Lakini lililo wazi ni hili: cheo kiliingia kwa mlango wa kura, kikatoka kwa mlango uleule. Ubingwa wa ngumi una mlango mmoja tu, nao ni ulingo. Waliomvua Ali mwaka 1967 hawakuwa wao waliompa.

Basi mwangalieni Ken Norton. Mapema mwaka 1978 Leon Spinks alimshinda Ali. Baraza la WBC lilitaka Spinks apigane na Norton kwanza. Spinks akachagua marudiano na Ali. WBC wakamvua mkanda, wakamkabidhi Norton kwa pambano ambalo alikwisha kulishinda mwaka uliotangulia, pambano ambalo lilipopigwa halikuwa la ubingwa. Juni mwaka huohuo Norton akapigwa na Larry Holmes. Norton ni bingwa wa uzito wa juu ambaye hakuwahi kushinda pambano hata moja la ubingwa wa dunia. Simdharau Norton, huyu ndiye aliyemvunja Ali taya mwaka 1973. Nasema alitendewa vibaya, kwa kupewa kitu ambacho angeweza kukipigania mwenyewe.

Leo vipo vyombo vinne vikubwa, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja hukata ada katika malipo ya mabondia wanaopigania mkanda wake. Bingwa akikawia, wanazalisha bingwa wa muda. Dar es Salaam kila mwenye duka anaitwa "Mangi", na hakuna anayedhurika kwa hilo. Kwenye ngumi kuna anayedhurika: kijana aliyejitolea mwili wake akidhani anakifuata cheo kimoja.

Hapa nchini tumeyaona. Kwa miaka mingi ngumi za kulipwa zilikuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, PST, TPBC na TPBO, kabla ya kuundwa kamisheni ya sasa, TPBRC. Mikanda ilikuwa mingi. Lakini Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya watu wa Eggington mwenyewe, na nchi nzima ikamjua kesho yake. Watu waliuliza amempiga nani. Sikumsikia aliyeuliza amepata mkanda gani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye gym moja hapa mjini, chumba chenye mifuko miwili, mmoja umeshonwa kwa turubai. Kijana mmoja alikuwa akijifunga bendeji mikononi, nikamwomba anitajie ubingwa wa uzito wa juu umepita mikononi mwa nani. Akaanza bila kusita: Oleksandr Usyk alimpiga Tyson Fury, Riyadh, Mei 2024. Fury alimpiga Wladimir Klitschko, Düsseldorf, Novemba 2015, na IBF wakamvua Fury mkanda wao kabla wiki mbili hazijaisha. Kisha akanyamaza, akaniuliza: "Na Klitschko, mwalimu, alimpiga nani?"

Ni swali zuri. Lennox Lewis alistaafu mwaka 2004 akiwa bingwa, na mnyororo ukakatika. Hakunyang'anywa, hakushindwa, aliondoka. Mabondia wawili waliokuja kuwa na nguvu kuliko wote walikuwa Vitali na Wladimir Klitschko, ndugu wa tumbo moja, na walikuwa wamemwahidi mama yao kwamba hawatapigana kamwe. Pambano ambalo lingeuunga mnyororo halikuwezekana. Nilimwambia kijana kwamba kwa miaka ile kiti kilikuwa kitupu, na kwamba Wladimir alikisogelea polepole, akiwapiga wapinzani mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, mpaka watu wakazoea kumwona amekikalia. Hakuridhika na jibu hilo. Alimaliza kufunga bendeji, akaing'ata kwa meno ncha ya utepe, akaenda kwenye mfuko wa turubai.