Picha za Mafuriko Ndani ya Ripoti ya Kikundi

Wazee wetu, akina mama na vijana wa vikundi vya Chewele, leo tunataka tuongee juu ya zile picha mnazotia ndani ya ripoti.

Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliharibu mashamba na nyumba nyingi kando ya Mto Tana. Anayesoma ripoti yenu amekaa ofisini, Hola au Nairobi, shamba lenyewe hajaliona. Picha ndiyo shahidi wenu. Sasa shahidi akivutwa-vutwa, nani atamwamini?

Hebu tuangalie. Katika programu ya Word, ukibonyeza picha mara moja inazungukwa na vidoti vinane: vinne kwenye pembe, vinne katikati ya pande. Shika cha pembe, uvute kwenda ndani. Upana na urefu vinapungua pamoja. Vile vya katikati viacheni kabisa! Ukivuta hivyo, mzee mwembamba anakuwa pipa, na ufa wa ukuta unaonekana mpana kuliko ulivyo. Atakayekuja kupima atasema mmetia chumvi, hata kama hamkukusudia.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo hubaki kama 16. Picha mbili za sentimita 7.5 zinakaa sambamba vizuri. Msizifanye kama stempu, wanakamati wengi wanavaa miwani.

Halafu kuna uzito. Picha moja ya simu yaweza kuwa na MB 4. Kumi ni 40, na Gmail haipitishi kiambatisho cha zaidi ya 25. Ripoti inakwama huku siku ya mwisho inapita. Na kuipunguza picha kwa macho si lazima kuipunguze uzito. Hifadhini kwanza picha asili kwenye simu, maana uzito ukishatolewa ubora haurudi. Kisha bonyeza picha, fungua Picture Format, halafu Compress Pictures, uchague 150 ppi. Ondoa ile alama inayosema ni picha hii tu, ili zote zipungue.

Liko jambo moja ambalo sisi tunaliona zito kuliko hayo yote. Mara nyingine mnakata pembeni ya picha kumwondoa mtoto aliye uchi, au mama aliyelala chini ya turubai ambaye hakuulizwa. Kumbe kile kipande hakijatoka! Kimefichwa tu, na anayepokea ripoti anaweza kukifunua. Pale pale kwenye Compress Pictures pana pahali pa kutia alama ili vipande vilivyokatwa vifutwe. Tieni alama hiyo kabla ya kuhifadhi na kutuma.

Haya, kila kikundi kilete simu moja hapa mbele tujaribu.