Kitambuzi cha Moshi Kinachojikagua: Nani Anasikiliza?

Matini ya mazungumzo kwa wasimamizi wa shule, wamiliki wa nyumba za kupangisha na wakazi



Nchi hii imezika watoto wengi kwa sababu ya moto wa bwenini. Mwaka 1998 moto uliua wasichana 26 wa Shule ya Bombolulu, Kwale. Mwaka 2001 wavulana 67 walifariki Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wavulana 21 walipoteza maisha katika Hillside Endarasha, Nyeri. Mikasa hii yote ilitokea usiku. Aliyelala hasikii harufu ya moshi vizuri, na moshi huua kabla ya ndimi za moto kufika kitandani. Ndiyo maana kitambuzi cha moshi kina thamani: kinakesha wakati watu wamelala.

Hata hivyo, kitambuzi kibovu ni hatari kuliko kukosa kitambuzi, kwa maana watu hulala wakidhani wana mlinzi. Marekani, ambako vifaa hivi viko katika nyumba nyingi, takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba takriban vifo vitatu kati ya vitano vya moto wa nyumbani hutokea mahali pasipo na king'ora, au penye king'ora kisichofanya kazi. Sababu kuu ya king'ora kunyamaza ni betri: imeisha, imetolewa au haikuunganishwa.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho. Ndani ya kitambuzi kinachotumia mwanga mna chumba kidogo cheusi, taa ndogo, na jicho la kupokea mwanga. Jicho hilo halikuelekezwa kwenye taa. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga hadi ukalifikia jicho, na king'ora hulia. Vumbi nalo hutawanya mwanga. Likijaa, king'ora hulia bila moto, wenyeji hukasirika, na mtu hupanda kiti akatoa betri. Hapo mlinzi amefukuzwa kazi bila mkuu wa shule kujua.

Vitambuzi vinavyojikagua viliundwa kwa ajili ya tatizo hili. Hata hewa ikiwa safi, mwanga hafifu hudunda kwenye kuta za kile chumba cheusi na kulifikia jicho. Kifaa hupima mwanga huo tena na tena. Ukipungua kupita kiasi, kinajua taa yake imeharibika. Ukiongezeka polepole kwa wiki na miezi, kinajua ni vumbi, kwa kuwa moshi wa moto huongezeka kwa haraka zaidi. Kitajirekebisha kwa muda, na kikifika kikomo kitaomba kusafishwa au kubadilishwa. Hupima pia nguvu ya betri. Kingine, kama Nest Protect toleo la mwaka 2015, kiliundwa kijaribu hata king'ora chake mara moja kwa mwezi. Katika majengo makubwa, vitambuzi huunganishwa kwa nyaya hadi kwenye kisanduku kikuu, nacho huonyesha ni kipi chenye hitilafu na kiko chumba gani.

Je, ukaguzi wa namna hii unatosha? Hautoshi. Vitambuzi vingi haviwezi kujua kwamba fundi aliyepaka rangi dari ameziba matundu ya kuingiza moshi, au kwamba mfuniko wa plastiki wa wakati wa ujenzi haujaondolewa. Hata kitufe cha kujaribu, katika vifaa vingi vya nyumbani, huthibitisha betri, saketi na king'ora tu. Hakithibitishi kwamba moshi unaweza kuingia. Mifumo michache ya kisasa hutoa moshi kidogo wa majaribio ndani ya kifaa chenyewe, lakini bei yake ni ya juu na hupatikana zaidi katika majengo makubwa.

Kuna jambo zito zaidi. Kifaa kikijikagua na kupata kasoro, kazi yake inaishia kwenye kutoa taarifa. Kinalia mlio mfupi kila baada ya muda, au kinawasha taa ya manjano kwenye kisanduku kilicho ofisini. Ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni, taa hiyo itamwakia nani? Shule inayonunua mfumo bila kumteua mtu wa kuupokea ujumbe huo imenunua pambo la dari.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia vifaa, bodi ya shule au mwenye jengo aulize muuzaji maswali manne. Kifaa kinakagua sehemu zipi, na zipi hakikagui? Hitilafu inaonekana wapi na inasikika na nani? Betri au kifaa kizima kinabadilishwa lini? Nani atakuja kukijaribu kwa moshi wa majaribio, na mara ngapi kwa mwaka? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na jina la msimamizi wa bweni liandikwe kwenye daftari la ukaguzi.

Nyumbani, kitufe kibonyezwe kila mwezi, vumbi lipanguswe, na kifaa kibadilishwe kikifika miaka 10 tangu tarehe iliyochapwa mgongoni. Kisifungwe juu ya jiko la kupikia. Familia ikumbuke pia kwamba kitambuzi cha moshi hakitambui hewa ya sumu itokayo kwenye jiko la makaa. Jiko lisiingizwe chumba cha kulala hata usiku wa baridi.

King'ora hakifungui mlango. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Kengele ikilia katika bweni lililofungwa kwa kufuli, imewaamsha watoto ili waone moto tu.

Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na wakazi wana haki ya kuomba ushauri wa ukaguzi. Penye moto, piga 999 au 112. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifaa kikisema kina ufa, kisikilizwe siku hiyo hiyo.